Kichaka cha mtoni ambacho Garissa haijui ikikate au ikitunze

*Maua ya mathenge hulisha nyuki wakati nyika nzima imekauka, na maganda yake huharibu meno ya mbuzi. Kando ya Mto Tana swali limebaki lilelile: nani atashika panga mwaka hadi mwaka?*

Kiangazi cha Jilaal kikishika kasi, rangi ya kijani Garissa hubaki mahali pamoja tu, kwenye ukanda mwembamba unaofuata Mto Tana. Panda kidogo kutoka mtoni utakuta mchanga mwekundu, migunga iliyopukutisha majani na vumbi la mifugo inayotafuta maji. Shuka utakuta migomba, miembe na mabomba ya pampu yaliyolazwa ukingoni. Katikati ya mashamba hayo kuna kichaka ambacho hakuna aliyekimwagilia wala kukitilia samadi, lakini ndicho kilichonawiri kuliko vyote.

Saa moja asubuhi kichaka hicho huwa kinavuma. Ukikisogelea, ukijihadhari na miiba, utaona ua lake: shuke jembamba la manjano iliyofifia, refu kama kidole cha mtu mzima, lililosongamana vijiua vidogo visivyohesabika. Nyuki hutua shinani mwa shuke, akazunguka akipanda hadi ncha, chavua ikimganda miguuni, kisha akarukia shuke la pili bila kupumzika. Kwenye tawi hilohilo yananing'inia maganda yaliyoiva ya msimu uliotangulia, matamu. Chini yake mbuzi wamesimama kwa miguu ya nyuma, shingo zimenyooka.

Nyuki juu, mbuzi chini, na ugomvi wote wa mathenge umo humo.

Wakenya wengi wanakiita mathenge. Wasomali wa Garissa wanakiita aligarob. Kwa wanasayansi kilikuwa Prosopis juliflora kwa muda mrefu, mpaka mwaka 2022 walipokihamishia kwenye kundi jingine na kukiita Neltuma juliflora. Mkulima wa mtaa wa Bulla Iftin, Garissa, hana haja na hilo. Anachotaka kujua ni kama akikate au akiache, na kila mtu anayemuuliza anampa jibu tofauti.

Kilipandwa, tena kwa nia njema

Mathenge haikuja na upepo. Asili yake ni Amerika ya Kati, Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibea. Inayofahamika kuwa ya kwanza kupandwa Kenya ni ile ya mwaka 1973 huko Bamburi, Mombasa, kwenye machimbo ya mawe ya saruji yaliyokuwa yamebaki uwanda mweupe usioota kitu. Mbegu zilitoka Brazil na Hawaii. Kwenye mawe yale yale yaliyoshinda miti mingine, mathenge ikashika.

Habari za mti usiokufa zilisambaa upesi. Miaka ya 1970 ilikuwa ya ukame mkali, na kila ofisi ya misitu Afrika ilikuwa ikiulizwa kuni zitatoka wapi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mathenge ikapelekwa Baringo, na katika bonde la Tana ikapelekwa Hola na Bura. Bura hii ni ile ya ng'ambo ya magharibi, katika Kaunti ya Tana River, ulikokuwa mradi mkubwa wa umwagiliaji wa pamba. Si Bura ya Fafi, upande wa Garissa. Maelfu ya watu walikuwa wamehamishiwa huko kulima, na wote walihitaji kupika. Bila kuni za kupandwa wangeumaliza msitu wa mtoni, ambao ni mwembamba tangu awali. Mradi wa misitu uliofadhiliwa na Finland ukajaribu miti ya kila aina, na mathenge ikawa miongoni mwa iliyostahimili.

Ni rahisi leo kuwacheka waliofanya hivyo. Mimi siwacheki. Garissa hupata mvua ya karibu milimita 300 kwa mwaka, na mwaka mwingine hazifiki. Mtu aliyekabidhiwa kazi ya kupanda kuni mahali kama hapo, akapata mti unaoota bila kubembelezwa, angeuacha vipi? Kosa lilikuwa kwingine. Mti ulipandwa na mradi, mradi ukafika mwisho, na kwenye makabrasha yote hapakuwa na mstari unaosema nani ataupogoa baada ya hapo.

> Mti ulipandwa na mradi, mradi ukafika mwisho, na hapakuwa na mstari unaosema nani ataupogoa.

Mradi wa Bura ulipodorora, mathenge iliingia kwenye mifereji na mashamba yaliyoachwa. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zikabeba maganda na kuyatawanya kando ya mto na kwenye lagha zote, yaani mikondo ya msimu, zinazoumwagia. Kambi za Dadaab, zilizofunguliwa mwaka 1991, nazo zikapata mathenge yake ya kivuli na ya ua. Kisha yakaja mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na ya Aprili na Mei 2024, Tana ikavunja kingo na kukata barabara ya Nairobi pale Mororo. Maji yaliposhuka yaliacha tope, na tope lenye unyevu ndilo kitalu ambacho mbegu ya mathenge inakipenda kuliko chochote.

Mti wa jangwani unaofuata maji

Watu huuita mti wa jangwani, na ndipo wanapokosea kuuelewa. Mathenge inastahimili ukame kwa sababu inayajua maji yalipo. Mizizi ya juu hutanda kuvizia mvua, na mzizi mkuu hushuka wima mpaka uyafikie maji ya chini ya ardhi. Huko Arizona, Marekani, karibu na Tucson, wachimba madini waliwahi kukuta mizizi ya ndugu yake kwenye kina cha mita 53, na taarifa hiyo ilichapishwa mwaka 1963. Kando ya Tana haina haja ya kushuka hivyo. Maji yako karibu, na ndiyo maana inaota hapo kwa wingi, inachanua karibu mwaka mzima na kubaki na majani Jilaal ikiwa imefika ukingoni.

Inakunywa kiasi gani? Jibu zuri zaidi kwa ukanda wetu linatoka Afar, Ethiopia, ambako mathenge ilienea kufuata bonde la Mto Awash. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2021 walipima mti mmoja mmoja na kukuta unapitisha lita 1 hadi 36 kwa siku, wastani lita 7. Jerikeni moja na ushei kwa miti mitatu si kitu cha kutisha. Lakini walipozidisha kwa eneo lote lililovamiwa, zaidi ya hekta milioni moja, walipata zaidi ya mita za ujazo bilioni 3 kwa mwaka.

Tana si Awash, na hesabu ya Afar haiwezi kubebwa nzimanzima mpaka Garissa. Hata hivyo mkulima anayelipa petroli ya pampu kuvuta maji ya mto ana haki ya kujua kuwa jirani yake mwenye miiba anavuta maji yaleyale bila kulipa.

Asali ya wakati wa njaa

Sasa msikilize mfuga nyuki. Nyuki wa nyika huishi kwa kufuata maua. Mvua za Gu zikinyesha, kikwata na migunga huchanua na mizinga hujaa. Mvua zikikatika, maua hukauka, na kundi la nyuki lisilo na akiba huhama na kumwachia mwenyewe mzinga mtupu. Kila anayefuga nyuki katika nchi kavu anaijua hasara hiyo.

Mathenge huziba pengo hilo. Inatoa chavua na mbochi wakati mengine yamelala, na kundi linalokaa karibu nayo lina sababu ya kubaki. Kivuli chake pia kina kazi. Mzinga ulioachwa juani katika joto la Garissa, linalopita nyuzi 35 miezi mingi ya mwaka, huwalazimisha nyuki kubeba maji ya kupozea nyumba badala ya kubeba mbochi. Mzinga wa gogo, wa mihimili au wa Langstroth ukitundikwa chini ya mathenge iliyopogolewa, hatua chache kutoka mtoni, una kivuli, chakula na maji pamoja.

Asali yenyewe ni nyepesi kwa rangi na huganda upesi. Huko Hawaii, ambako ndugu ya mathenge amekuwapo tangu 1828, asali ya aina hiyo huuzwa ikiwa nyeupe na nzito, na wateja huilipia bei ya juu. Hapa kwetu asali ikiganda mnunuzi huirudisha akidai imetiwa sukari. Mfugaji huishia kuichemsha ili iyeyuke, na akizidisha moto anaiharibu ladha. Chupa ikiwekwa ndani ya maji ya uvuguvugu huyeyuka bila madhara, na mteja akielezwa kabla ya kununua hana sababu ya kugomba.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji wa mizinga hawalitaji. Mathenge kwa kiasi kikubwa haiwezi kujichavusha. Bila mdudu wa kubeba chavua kutoka mti mmoja hadi mwingine, mashuke mengi yangekauka bila kuacha ganda. Nyuki akija, ganda huja. Ganda likiiva huanguka, mbuzi hulila, mbegu hupita tumboni zikiwa nzima, maana kokwa yake ni ngumu, na hutoka kwenye kinyesi ambacho ni mbolea tayari. Mbuzi huyo akitoka mtoni kurudi malishoni, anapanda njia nzima.

> Nyuki ndiye anayelizaa ganda. Mbuzi ndiye anayelipanda.

Mbuzi aliyefikishwa mahakamani

Kwa mfugaji, habari ya asali ni hadithi ya jirani. Yeye anahesabu meno. Maganda ya mathenge yana sukari nyingi, na mbuzi anayeyala siku nenda siku rudi hung'ang'aniwa na nyuzi na mbegu kwenye fizi, meno yakaoza na kung'oka. Mbuzi asiye na meno hafi siku hiyo. Anakonda akiwa amesimama mbele ya nyasi. Miiba nayo hupenya kwato, na ikipenya kwenye unyayo wa ngamia kidonda huchukua muda mrefu kupona.

Jamii ya Ilchamus wa Baringo iliishtaki serikali kwa jambo hili mwaka 2006, na miongoni mwa vielelezo vilivyofikishwa mahakamani Nairobi alikuwamo mbuzi asiye na meno. Wakenya walicheka walipoiona picha gazetini. Wafugaji wa Garissa hawakuona cha kuchekesha. Mwaka 2008 serikali iliitangaza mathenge kuwa gugu hatari chini ya sheria ya magugu, na shirika la uhifadhi wa mazingira duniani, IUCN, tayari lilikuwa limemweka ndugu yake wa karibu kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi ulimwenguni.

Meno si yote. Kando ya Tana kuna malka, zile njia ambazo mifugo hupita katikati ya mashamba kufikia maji. Zimekuwapo kabla ya ramani, na amani ya mtoni inazitegemea. Malka ikizibwa na kichaka kisichopenyeka, mchungaji aliyeswaga ng'ombe wenye kiu tangu alfajiri hatarudi nyuma. Atapita shambani kwa mtu. Watu wa bonde hili wanajua gharama ya ugomvi wa maji na malisho: mwaka 2012, kusini zaidi kwenye delta, zaidi ya watu 100 waliuawa. Sisemi mathenge ilisababisha vifo vile. Nasema mahali penye historia kama hiyo, njia ya kuendea maji haiachwi izibwe na mti.

Mbu naye anapenda mbochi

Hapa lazima niingize habari ambayo sikuisikia ikitajwa na upande wowote mtoni. Mbu jike hunyonya damu, lakini jike na dume wote huishi kwa sukari ya mimea. Huko Mali, katika wilaya ya Bandiagara, watafiti walichukua vijiji 9, vingine vyenye mathenge na vingine bila. Katika 3 kati ya vyenye mathenge walikata matawi yenye maua tu, mti wakauacha. Idadi ya mbu walionaswa ilishuka kwa karibu asilimia 70, na waliopungua zaidi walikuwa majike wakongwe, ambao ndio hasa wanaosambaza malaria. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017.

Kwa Garissa maana yake ni ndogo na ya kivitendo: kichaka kinachochanua kisiachwe dirishani. Mzinga ukae huko kwenye maua, nyumba ikae mbali.

"Itumieni iishe"

Kwa miaka mingi jibu la wataalamu limekuwa moja: mkate, mchome, msage, muuze, na mathenge itapungua yenyewe. Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, na shirika la FAO walifundisha vikundi Baringo kutengeneza makaa, nguzo na chakula cha mifugo. Makaa yake ni mazuri, hayana ubishi. Maganda yakisagwa pamoja na mbegu hutoa unga wenye protini ya kutosha, na ukichanganywa kwa kiasi cha asilimia 20 hadi 30 ya chakula cha mnyama hauna madhara. Kusaga ndio msingi, kwa sababu mbegu iliyosagwa haioti.

Nimeikubali hoja hii kwa nusu. Watafiti waliofuatilia picha za setilaiti za Baringo, huko huko kwenye mafunzo hayo, walikuta mathenge imetoka hekta 882 mwaka 1988 hadi hekta 18,792 mwaka 2016.

> Kati ya 1988 na 2016, mathenge ya Baringo ilitoka hekta 882 hadi hekta 18,792.

Sababu hazijifichi. Mchoma makaa anataka shina nene lililo karibu na barabara, na huliacha pori jembamba lenye miiba ambalo ndilo linaloziba njia. Akikata, anakata juu ya ardhi, na kisiki huchipua matawi kumi mahali palipokuwa na moja. Mradi wa kuzalisha umeme kwa kuchoma mathenge, huko Marigat, Baringo, ulikwama. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti mwaka 2018, marufuku iliyodumu hadi 2023, biashara ya makaa iligeuka mchezo wa paka na panya na askari, na gugu lililotangazwa hatari likapata likizo. Tena kuna jambo la kibinadamu: mtu anayepata ada ya watoto kutokana na kichaka haombi kiishe.

Wapo wanaotaka wadudu waletwe. Afrika Kusini ilianza mwaka 1987 kutumia fukusi anayekula mbegu za mathenge peke yake, akaliacha ganda na mti, ili mkulima asipoteze chakula cha mifugo. Ilikuwa busara ya kuridhisha pande zote, ila mbuzi wana kasi kuliko fukusi: wanalila ganda kabla mdudu hajalifikia. Ushindi ulikuwa hafifu.

Kutunza ni kukata

Kwa hiyo mwenye shamba la mtoni afanyeje? Anayesema "ng'oa yote" hajawahi kung'oa. Mti mkubwa unataka kufukuliwa na kukatwa chini ya ardhi, karibu sentimita 30, chini ya pale machipukizi yanapotokea. Ukiukata juu umeupogoa tu. Baada ya hapo mbegu zilizolala udongoni huendelea kuota kwa miaka, kwa hiyo shamba lililosafishwa mara moja na kuachwa hurudi kuwa kichaka, tena kizito zaidi.

Anayesema "iacheni, ni riziki" naye hajawahi kuitunza. Mathenge inayolisha nyuki vizuri haiko porini ndani ya msongamano. Ni ile iliyobakizwa shina moja. Mche ukiwa mwembamba wa kukatika kwa pigo moja la panga, matawi ya chini yote huondolewa na shina moja lililonyooka likaachwa. Mti hadi mti hupewa nafasi ya mtu kupita na mkokoteni. Machipukizi ya shinani hukatwa kila baada ya mvua, Gu na Deyr, bila kukosa msimu hata mmoja. Mti uliotunzwa hivyo hupanda juu, hutoa kivuli, nyasi huota chini yake na maua huwa mengi. Maganda huokotwa kila siku chache, hukaushwa na kupelekwa kwenye kinu kabla mbuzi hawajafika. Viatu vizito ni lazima. Ndala hazifai hata kidogo. Miiba ya mathenge inatoboa hata tairi la bodaboda.

Hiyo ni kazi ya shamba, yenye kalenda na mishahara. Mahali ambapo haitafanyika, mti uondolewe. Sioni njia ya tatu, na mabishano mengi ya kupenda na kuchukia mathenge yanakwepa hesabu hiyo.

Hapo ndipo serikali inapohitajika, na ndipo inapokosekana. Sheria ya magugu inamwajibisha mwenye ardhi kuondoa gugu. Shambani mwenyewe anajulikana. Lakini mto ni ardhi ya umma chini ya Katiba, malisho ni ardhi ya jamii chini ya sheria ya mwaka 2016, barabara ni ya serikali kuu au ya kaunti kutegemea aina yake. Malka hupita kote humo. Ukiuliza nani apogoe malka, kila ofisi inaonyesha kidole mlango wa pili.

Kama ningekuwa na pesa za siku moja za kutumia kwa mathenge katika Kaunti ya Garissa, nisingezipeleka kwenye kampeni ya kuimaliza. Ningeanza na malka: vijana wa mitaa iliyo karibu walipwe kuzifungua, na walipwe tena baada ya Gu, na tena baada ya Deyr, kwa miaka mitano. Malipo ya mara ya kwanza huwa rahisi kupatikana, kwa sababu kuna kamera. Ya mara ya nne ndiyo hayana mfadhili.

Vichaka vingine vya mtoni

Mfuga nyuki akiambiwa mathenge iondolewe, ana haki ya kuuliza nyuki wake watakula nini. Jibu lipo, na halikutoka Brazil. Mhina ni kichaka cha maeneo haya ya joto, na kando ya lagha na mito ya msimu unajiotea wenyewe, kwa sababu unapenda udongo wa tope linaloletwa na maji. Maua yake madogo yana harufu inayosikika kabla mti haujaonekana, na nyuki huyafuata. Majani yake yana soko ambalo halihitaji semina: arusi, Idi, ndevu za wazee. Hina nyingi inayopakwa mijini huja kwenye pakiti kutoka nje.

Mhina hupandwa kwa mbegu au kwa kipande cha tawi. Mbegu ni ndogo na huloweshwa siku kadhaa kabla ya kusiwa. Kipande cha tawi ni rahisi zaidi kama udongo utakuwa na unyevu mpaka kishike. Mwaka wa kwanza mti unataka maji na palizi. Majani huanza kuvunwa kwa faida mwaka wa pili au wa tatu, na kichaka huendelea kukatwa na kuchipua kwa miaka mingi. Kuna mvutano mmoja wa kuamua mapema: ukikata matawi kila mara unapata majani na unakosa maua. Anayetaka vyote aache mstari wa nje usikatwe, uwe wa nyuki.

Mswaki nao unastahili nafasi, hasa kwenye udongo wa chumvi ambako mhina utasumbuka. Hukua polepole, lakini ngamia huupenda, kila mtu Garissa anautumia mdomoni kabla ya swala, na maua yake ya kijani-nyeupe, ingawa hayaonekani ukiwa mbali, nyuki huyaona. Mkunazi vilevile.

Miche hii yote ina adui mmoja, mbuzi, ambaye ataimaliza kwa asubuhi moja kama haina ua. Ua wa bei nafuu kuliko wote uko palepale: matawi ya mathenge yaliyokatwa, yakapangwa miiba nje. Ila yakung'utwe kwanza na maganda yote yaokotwe. Tawi likiburutwa na maganda yake mpaka kwenye mche wa mhina, mvua ya Deyr ikija kutakuwa na mathenge imeota pande zote nne za ua.